Krimu ya Uso Isigeuke Sumu

Krimu za kufuta madoa meusi usoni zinanunuliwa kama njugu mjini Kisumu, nyingine bila hata orodha ya viungo. Hiyo ni hatari. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi. Mwaka 2001, utafiti wa Masazumi Harada na wenzake ulionya kwamba sabuni za kung'arisha ngozi huenda zinawadhuru Wakenya kwa zebaki, sumu inayoharibu figo.

Madoa mengi huletwa na jua, ujauzito au chunusi. Kinga ya kwanza ni kofia na mafuta ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi.

Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) liondoe bidhaa haramu madukani. Nawe mnunuzi, usipoona viungo na alama ya ubora, usinunue, muulize mfamasia.