Sebastian na dada yake pacha

Mzazi Mkatoliki anayemkuta mwanae mbele ya Hogwarts Legacy huuliza swali moja tu: huo si uchawi? Anauliza kwa haki. Kwetu neno hilo halina utani. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo ili mtu fulani atajirike. Huwezi kumwambia mama aliyekulia katika habari hizo kwamba mwanae anajifunza uchawi "wa kujifurahisha" akakuelewa.

Hata hivyo, mchezo huu uliotoka Februari 2023 unazungumzia kitu kingine. Ni hadithi ya shule ya bweni huko Uskoti, miaka ya 1890, na mchezaji ni mwanafunzi wa mwaka wa tano. Anachanganya dawa, anatunza mimea, anapanda ufagio. (Yumo hata Natsai, msichana aliyehamia kutoka shule ya uchawi iliyobuniwa kuwa Uganda.) Sijaona kijana aliyejaribu kuruka na ufagio wa nyumbani kwao. Tukiishia kukemea fimbo na ufagio, tunapitwa na jambo lenyewe, nalo limo katika kisa cha Sebastian Sallow.

Sebastian ana dada pacha, Anne, aliyepigwa laana inayomtesa kwa maumivu. Waganga wameshindwa. Mjomba wao, Solomon, amekubali kwamba hakuna tiba na anamtaka kijana aache kutafuta. Sebastian haachi. Anaingia katika elimu ya giza hatua kwa hatua, na kila hatua ana sababu ileile: Anne. Rafiki yake Ominis, ambaye familia yake ilimlazimisha kutumia laana ya mateso, anamwonya kwa kuwa anaijua njia hiyo. Hasikilizwi. Mwishoni Sebastian anamuua mjomba wake, na Anne, aliyefanyiwa hayo yote, anamkimbia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataza kutumia nguvu za giza hata pale lengo linapokuwa kumrudishia mtu afya. Nimewahi kusikia watu wakiona maneno hayo ni makali mno. Lakini tazameni parokiani. Anayekwenda kwa mganga usiku si lazima awe mtu asiyesali. Mara nyingi ni mama wa jumuiya ambaye mtoto wake ana kifafa, hospitali imemrudisha nyumbani, na shangazi amemnong'oneza kwamba yupo mtaalamu mahali fulani. Anasukumwa na upendo. Kisha mtaalamu anamtajia jirani aliyemroga mtoto, na kuanzia hapo kuna mtu mwingine wa kuchukiwa, pengine wa kuuawa. Sisi mafrateri huwa tunahubiri juu ya watu hao kana kwamba walikwenda kwa ukaidi. Mwandishi wa kisa cha Sebastian amewaelewa vizuri kuliko mahubiri yetu mengi.

Nina ugomvi na mchezo huu, nao ni mkubwa. Sebastian analipa kwa alichofanya, ila mchezaji halipi. Anaweza kujifunza laana zote tatu zisizosameheka, ile ya kuua ikiwemo, akazitumia dhidi ya maadui zake mchana kweupe, na kesho yake akaingia darasani kama kawaida. Hafukuzwi wala haadhibiwi. Laana inakuwa silaha moja zaidi mfukoni, tena yenye kufaa sana. Hadithi inasema uovu unamla anayeutumia. Vidole vya mchezaji vinajifunza kinyume chake, na vidole hujifunza kwa kurudiarudia. Hilo lanitisha kuliko ufagio.

Halafu kuna uamuzi wa mwisho. Mchezaji huulizwa kama Sebastian ashtakiwe, apelekwe gereza la Azkaban, au jambo lifichwe. Njia ni hizo mbili tu. Hakuna mahali pa kukiri, kulia juu ya Solomon, na kubeba malipizi huku ukiwa hai miongoni mwa watu uliowaumiza. Kanisa lina sakramenti nzima kwa ajili ya hapo hasa.

Frateri anayekwenda likizo atawakuta vijana wa kwao waliokwisha kuumaliza mchezo huu. Asianze na marufuku. Awaulize kwanza walimfanya nini Sebastian, na kwa nini.