Pingu Ni Pingu



Tarehe 12 Septemba 1980 wanajeshi walitwaa serikali ya Uturuki. Shirikisho la wafanyakazi, DISK, lilisimamishwa. Mwendesha mashtaka wa kijeshi akataka viongozi wake 52 wahukumiwe kifo. Tarehe 13 Desemba 1981 ikafuata Poland: chama cha Solidarność kikasimamishwa, na wachimba makaa 9 wa mgodi wa Wujek wakafa kwa risasi.

Magazeti makubwa ya Magharibi yaliililia Poland kila siku. Juu ya Uturuki, mshirika wao katika NATO, yakasema machache. Yale ya Moscow yakawaita viongozi wa Solidarność maadui wa ujamaa.

Sisi tunasema: pingu ni pingu. Tusomapo habari za wanaoteswa, tuulize pia ni nani wamenyamaziwa.