HAKI NA WAJIBU KAZINI: Mshahara Usio na Hati

Mwisho wa mwezi ukifika, mfanya kazi husimama mbele ya meza ya karani, au siku hizi hutazama simu yake aone kama fedha zimeingia. Akiisha kuzipata huzihesabu mara mbili, kisha huenda zake. Ni wachache wanaouliza swali la pili: je, zile zisizofika mkononi zimekwenda wapi? Swali hilo ndilo linalojibiwa na hati ya mshahara, ambayo wengi huiita "pesilipu".

Wako wanaodhani kwamba hati hiyo ni hisani ya tajiri, na wengine huiona kuwa ni karatasi ya kuombea mkopo benki tu. Sivyo. Nchini Kenya ni haki iliyoandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yamwamuru mwajiri ampe mfanya kazi maelezo kwa maandishi wakati wa kumlipa au kabla yake. Yapasa yaonyeshe mshahara wote kabla ya kukatwa, kila kilichokatwa pamoja na sababu yake, na, ikiwa fedha zimelipwa kwa njia zaidi ya moja, kiasi cha kila njia.

Faida yake yaonekana katika hesabu ndogo. Mtu ameajiriwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Asilimia 6, yaani shilingi 1,200, zaenda katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwa ajili ya uzee wake. Asilimia 2.75, yaani shilingi 550, ni za bima ya afya, SHIF. Asilimia 1.5, yaani shilingi 300, ni ada ya nyumba. Kodi ya mapato hatozwi, kwa maana mshahara wake ni mdogo. Basi apokee shilingi 17,950. Akipewa shilingi 16,500 bila karatasi, atanung'unika tu. Lakini akiwa na hati mkononi ataonyesha kwa kidole mahali penye kosa.

Tena mwajiri hana ruhusa ya kukata apendavyo. Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa, kama vile hasara iliyofanywa kusudi, siku za kukosa kazi bila ruhusa, au mkopo uliotolewa na mwajiri mwenyewe. Na makato yote yakijumlishwa, yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Lakini hatari kubwa zaidi ni makato yasiyofika yanakopelekwa. Mtu aweza kukatwa fedha za bima mwezi baada ya mwezi, na siku mtoto wake anapougua akaambiwa hospitalini kwamba hakuna kilicholipwa. Ndipo hati zake zote, zilizowekwa kwa taratibu, zinapokuwa mashahidi wake. Mwenye busara haziweki tu. Mara kwa mara huuliza katika ofisi za NSSF na za Mamlaka ya Afya ya Jamii kama fedha alizokatwa zimepokewa.

Wazee wanakumbuka kipande. Katika miaka ya 1920 na 1930, mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kukichukua, mara nyingi katika kijisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni. Humo mliandikwa bwana wake na mshahara wake, lakini maandishi yale yalikuwa ya kumchunga mfanya kazi, wala hayakuwa ya kumlinda. Hati ya mshahara ni kinyume chake: yaandikwa na mwajiri, lakini ni mali ya mfanya kazi, na yaweza kumshuhudia mwajiri mwenyewe.

Ni kweli kwamba kifungu hicho hakiwahusu vibarua wa siku, wala wanaolipwa kwa kipimo cha kazi, wala walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi 6. Hata hivyo jina la kibarua si ngao ya milele. Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Tajiri anayemwita mtu kibarua kwa miaka mitatu ajidanganya mwenyewe.

Neno hili lawahusu wakulima pia. Mwenye ng'ombe watano na mchungaji mmoja wa mwezi ni mwajiri kama mwenye shamba kubwa la chai. Haihitaji mashini wala karani. Karatasi moja yenye tarehe, mshahara, makato na saini yatosha, na nakala yake iwekwe nyumbani. Hati hiyo humlinda yeye naye, kwa sababu shauri likifika mahakamani naye hana maandishi ya mapatano ya kazi, mzigo wa kuthibitisha mapatano hayo humwangukia mwajiri.

Asiyepewa hati aanze kwa kuiomba kwa adabu, na afadhali kwa barua, akibaki na nakala. Akikataliwa, amwone mjumbe wa chama cha wafanya kazi au afisa wa kazi wa serikali. Shauri lisipotatuliwa huko, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini asikawie, kwa kuwa madai ya kazi kwa kawaida yana mpaka wa miaka 3.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Jasho la mtu ni mali yake ya kwanza, na hati ya mshahara ndiyo daftari yake. Asiione kuwa karatasi tupu ya kufungia sukari.