Fedha ya Siku Sitini

Kila likizo, vijana wa chuo warudipo Mafia kwa kivuko cha Nyamisati, hatukosi kulisikia neno "bumu". Ndiyo fedha ya kujikimu ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwapa wanachuo kwa mafungu. Na wazee barazani, wakisikia kwamba mtoto wa fulani amemaliza fungu lake kabla ya wakati na sasa anaomba nyumbani, hutikisa vichwa na kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana akili ya fedha. Mimi nina maoni mengine, nami naomba nafasi katika gazeti letu niyatoe.

Kwanza tufanye hesabu, maana wengi huzungumza juu ya bumu bila ya kulihesabu. Katika mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi shilingi 10,000. Fungu la siku 60, basi, ni shilingi 600,000. Kijana ambaye hajapata kushika laki moja iliyo yake mwenyewe aamka asubuhi akakuta laki sita. Akinunua simu ya shilingi 250,000 (na nani asiyeitamani?), amebakiwa na 350,000, nayo ukiigawanya kwa siku 60 haifiki shilingi 6,000 kwa siku. Humo mna chumba, chakula, nauli ya daladala na sabuni. Mwenye nyumba naye hapokei kodi ya siku moja moja. Huitaka ya miezi mitatu au sita mbele. Ndiyo maana wengine hubebana, watu wawili kitanda kimoja.

Tena fedha yenyewe ni deni. Kwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, aliyekopeshwa akipata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Mtu wa mshahara wa shilingi 700,000, mathalani, hukatwa 105,000 kila mwezi. Ile simu ataendelea kuilipia wakati imekwisha kuvunjika kioo na kutupwa.

Je, kijana huyu alijifunza wapi kutunza fedha? Sisi tukaao bweni hatununui chakula. Kengele hulia, tukashika sahani, tukapanga mstari. Ugali na maharage vimekwisha kupikwa. Mchele ukipanda bei Kilindoni, sisi hatuna habari. Fedha yetu ya mfukoni huwekwa kwa mwalimu, naye hutugawia kidogo kidogo kila Jumamosi, na ikiisha mzazi hutuma nyingine kwa simu. Twaishi hivyo miaka minne, na waendao kidato cha tano na cha sita huongeza miwili.

Zamani utaratibu huu haukuwa na ubaya, maana chuo kikuu nacho kilikuwa kama bweni. Mpaka ulipoanza mpango wa kuchangia gharama katika miaka ya 1990, Serikali ndiyo iliyolipa masomo, chakula na malazi ya mwanachuo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Kwa hiyo mzee asemaye, "Mbona sisi tulisoma bila ya kuombaomba?" asema kweli, lakini yeye alipikiwa.

Ajabu ni kwamba huku kwetu tunao walimu wa jambo hili. Mama wa Jibondo au wa Juani aendaye mwambani kuchokoa pweza hupata fedha siku za bamvua, maji yatokapo mbali. Yakiwa maji mafu mwamba haukauki, na pweza hapatikani. Basi fedha ya bamvua hapana budi ivuke siku za maji mafu: unga hununuliwa kwanza, deni la dukani hupunguzwa, na kitambaa cha sare hungoja. Mama huyu akipewa laki sita za siku sitini, sidhani kwamba zitamshinda. Sisi watoto wake ndio tulioondolewa katika shule yake tungali wadogo, tukaletwa mahali ambapo kila siku ni bamvua.

Na maji mafu ya chuoni si ya mchezo. Aliyeishiwa haishi kusumbuliwa na simu yake mwenyewe, ikimwambia kwamba aweza kukopeshwa sasa hivi. Mikopo ya namna hiyo watu wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo latosha kuieleza. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila ya leseni. Wengine hukimbilia kubeti wakitumaini kurudisha kilichopotea. Wala tusidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo hutolewa pia kwa baadhi ya masomo ya stashahada, na mwenye cheti cha kidato cha nne aweza kuomba.

Shauri langu ni hili. Fedha ya mfukoni ya kidato cha nne iletwe yote mwanzo wa muhula na iwekwe kwa mwalimu, kwa kuwa bweni lina mikono mirefu. Lakini aamuaye achukue kiasi gani, na siku gani, awe mwanafunzi mwenyewe. Kila mmoja awe na daftari lake la matumizi, na mwalimu alitazame mwisho wa mwezi kama atazamavyo daftari la hesabu. Akiimaliza katika wiki ya tatu, asiongezewe. Najua kwamba wenzangu wengine watanichukia kwa sentensi hiyo ya mwisho. Lakini atakayekosa maandazi wiki nane akiwa hapa, ambapo ugali upo, amepata somo kwa bei nafuu kuliko atakayekosa chakula chenyewe Dar es Salaam.

Walimu watasema kwamba wana kazi nyingi, nao wasema kweli. Wanafunzi wawili wa kidato waweza kusaidia kuandika, mwalimu akashika ufunguo tu.

Kwenu wazazi nina neno moja, nalo nalisema kwa heshima. Mtoto akipata mkopo, nyumbani huonekana kama amepata kazi. Mdogo wake ataka viatu, bati limetoboka, mjomba ana shida, na simu zote humwendea yeye wiki ile ile fedha iingiapo. Mtoto wetu wa pwani hawezi kumwambia mama yake hapana. Hutuma laki moja, kisha hula mara moja kwa siku wala hasemi. Nawaomba, kabla ya kupiga simu ile, mkumbuke kwamba mwaomba chakula chake cha siku kumi.

Sisi tutafanya mtihani Novemba na kuondoka. Jaribio laweza kuanza Januari, kwa kidato cha nne kipya.