Mpira wa Mkojo Uwe na Siku ya Kutolewa

Miongoni mwa vifaa vitumikavyo wodini, ni vichache vilivyo vyepesi kuwekwa na vyepesi kusahauliwa kama mpira wa mkojo. Hutiwa kwa dakika chache, na mara nyingi kwa sababu ya haki: mchimbaji wa Geita aliyeangukiwa na kifusi ndani ya duara akaumia uti wa mgongo, mama wa Kahama anayepasuliwa ili ajifungue, mzee wa Shinyanga ambaye tezi dume imemzuia kupata haja ndogo tangu jana. Kwa watu hao mpira ni uokovu. Hoja yangu haihusu kutiwa kwake, bali kutolewa kwake, kazi ambayo aghalabu haina mwenyewe.

Kibofu cha mtu mwenye afya hujisafisha kila akojoapo, kwa kuwa mkojo husukuma nje vijidudu vinavyojaribu kupanda. Mpira huondoa kinga hiyo. Tena juu yake vijidudu hujijengea utando wa ute, ambao dawa huupenya kwa shida. Kwa makadirio yanayokubaliwa na wataalamu, kila siku mpira unapokaa, wagonjwa 3 hadi 7 katika kila 100 huanza kuwa na vijidudu katika mkojo. Ukikaa mwezi, karibu wote wanavyo. Si wote watakaougua, na kwa hiyo si busara kumpa dawa kila ambaye mkojo wake umeonekana mchafu. Lakini kwa baadhi yao vijidudu hupanda hadi kwenye figo au huingia katika damu, na mtu aliyeletwa kwa sababu ya mguu uliovunjika akafa kwa homa.

Zamani mkojo ulitiririkia katika chupa iliyo wazi, na vijidudu vilikuwa vimekwisha kuingia katika muda wa siku 4 hivi. Mwaka 1966 Calvin Kunin na mwenzake walionyesha huko Marekani kwamba mfuko uliofungwa, usioachanishwa na mpira, huchelewesha sana jambo hilo. Sharti mfuko uwe chini ya kibofu, wala usiguse sakafu. Kwetu, hata hivyo, anayemwaga mkojo mara nyingi si muuguzi. Ni shangazi au mdogo wa mgonjwa, ambaye huuweka mfuko kitandani kwa nia njema ili usimvute mgonjwa wake, na mkojo ukarudi ulikotoka. Nani aliyemweleza?

Wako wasemao kwamba viuavijasumu vipo. Uchunguzi wa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya vijidudu aina ya Klebsiella vilivyopimwa huko vilikuwa na kimeng'enya kinachoharibu dawa nyingi za jamii ya penisilini na sefalosporini. Kijidudu hicho ni mmoja wa wageni wa kawaida wa mpira wa mkojo. Mchimbaji mdogo asiye na bima atainunuaje dawa ya daraja la juu?

Napendekeza basi kwamba siku mpira unapotiwa, sababu yake iandikwe katika jalada pamoja na siku ya kuutoa; na kwamba muuguzi apewe idhini ya maandishi kuutoa sababu ile inapokwisha, bila kumngoja daktari wa zamu. Nitaambiwa kwamba wauguzi ni wachache, na mpira huwapunguzia kazi ya kubadili mashuka. Ni kweli, nami siwalaumu. Lakini shuka hufuliwa siku moja, na homa ya damu humweka mgonjwa wodini wiki kadhaa, kama hakufa.

Barua ya rufaa nayo itaje tarehe hiyo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, mgonjwa wa Geita hangoji tena kivuko. Hata hivyo aweza kufika Bugando na mpira ambao hakuna ajuaye ulitiwa lini.

Aliyepooza ana hali yake. Huyo, mikono yake ikiwa mizima, afundishwe kujitia mpira safi mara 4 hadi 6 kwa siku na kuutoa papo hapo, na afundishwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.