Miaka 50 ya Bunge la Bangladesh, na mbunge wa vilimani

Tarehe 7 Aprili 2023 Bunge la Bangladesh lilitimiza nusu karne tangu lilipoketi kwa mara ya kwanza. Katika mji mkuu, Dhaka, walisherehekea, na walikuwa na kila sababu. Nchi hiyo ilizaliwa vitani mwaka 1971, ikampoteza mwasisi wake Sheikh Mujibur Rahman kwa risasi mwaka 1975, kisha ikapitia tawala za kijeshi. Hata hivyo ukumbi ulikuwapo: viti 300 vya majimbo, 50 vya wanawake, na mwanamke, Shirin Sharmin Chaudhury, kwenye kiti cha Spika kuanzia 2013 hadi 2024.

Katika shangwe hizo, sisi tungetaka atajwe Manabendra Narayan Larma.

Alizaliwa mwaka 1939 katika jamii ya Wachakma, huko Rangamati, kwenye vilima vya Chittagong. Katika ujana wake bwawa la umeme la Kaptai lilimeza karibu asilimia 40 ya mashamba ya wakazi wa vilima hivyo na kuwang'oa makwao watu wapatao 100,000. Alilipinga, akatiwa ndani. Baadaye akafundisha shule, akawa wakili, na mwaka 1970 akachaguliwa akiwa mgombea binafsi. Kwa kura hizo aliingia katika Bunge la kutunga Katiba, lililojaa wajumbe wa chama cha Awami League.

Tarehe 31 Oktoba 1972 lililetwa pendekezo kwamba raia wote waitwe Wabengali. Larma alisimama akasema yeye ni Mchakma, na kwamba baba yake na babu zake hawakuwahi kujiita Wabengali. Pendekezo likapita. Akatoka ukumbini.

Wengi wakimkumbuka huishia hapo, na wanampunja. Katika mjadala wa Katiba hiyohiyo aliuliza Katiba imemwekea nini mwendesha mashua anayepiga kasia mchana na usiku, mkulima, mvuta riksho, hata mwanamke anayeuza mwili wake ili ale. Mtu aliyetumwa na watu wachache wa milimani alikuwa anawasemea maskini wa nchi nzima, wasiompigia kura.

Mwaka 1973 watu wake walimchagua tena, sasa kuingia Bunge la kwanza. Mfumo wa chama kimoja ulipokuja, na mapinduzi ya 1975 yakafuata, aliingia msituni kuongoza mapambano, na tarehe 10 Novemba 1983 akauawa na kundi hasimu la harakati zake mwenyewe. Mdogo wake ndiye aliyetia sahihi mkataba wa amani na serikali wa 1997. Upande wa serikali alisaini Mnadhimu Mkuu wa Bunge. Bunge lenyewe lilikuja kupitisha hoja ya rambirambi kwa Larma mwaka 2016, miaka 33 baada ya kifo chake. Lilichelewa mno, lakini tunalipongeza kwa kumrudishia heshima yake.

Bado liko deni. Ibara ya 70 ya Katiba inamvua ubunge yeyote anayepiga kura kinyume na chama chake. Mwaka 1972 Larma hakuwa na chama cha kumziba mdomo; mbunge wa leo anayefikiri kama yeye anacho. Tunaliomba Bunge la Dhaka liiguse ibara hiyo: nidhamu ya chama ibaki kwenye bajeti na kura za kutokuwa na imani na serikali, na katika mengine yote mbunge apige kura kama waliomtuma wanavyotaka.