Kipimo cha oksijeni kijaribiwe kwenye ngozi yetu pia

Oksimeta ni kile kifaa kidogo kinachobana kidole cha mgonjwa na kutoa mwanga mwekundu. Mwanga huo hupita kidoleni na kukadiria oksijeni iliyo ndani ya damu, bila sindano. Kwa mtoto mwenye nimonia, namba yake inaweza kuamua kama atawekewa oksijeni au atarudishwa nyumbani.

Lakini kabla ya kufika kwenye damu, mwanga hukutana na rangi ya ngozi. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha oksimeta na vipimo vya damu yenyewe. Pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, damu ilionyesha upungufu mkubwa wa oksijeni katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6 tu.

Sasa tujiulize sisi wa Goma, Bukavu na Bunia, ambako karibu kila mgonjwa ana ngozi nyeusi.

Hatusemi vifaa hivi vitupwe. Bila oksimeta, muuguzi hubaki kukisia. Tunachodai ni kwamba serikali na mashirika yanayotuletea vifaa yaulize, kabla ya kununua, kama vilijaribiwa kwa watu wenye ngozi kama yetu.

Na wewe muuguzi, namba ikiwa nzuri huku mtoto anahema na kifua kinaingia ndani, mwamini mtoto. Mpeleke hospitalini.